Kifafa Kikipita Dakika Tano

Kifafa kikimshika mtu, mara nyingi huachia chenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Anaanguka, anakakamaa, anatupa mikono na miguu, kisha analegea na kukoroma kama aliyelala fofofo. Cha hatari zaidi ni kile kisichoachia. Tangu 2015 mabingwa wa maradhi haya duniani wamekubaliana kwamba kifafa cha mwili mzima kikivuka dakika 5 kisisubiriwe tena, na kikifika dakika 30 ubongo wenyewe umo hatarini kuharibika. Hesabu hiyo inamhusu mtu wa Mucojo, huku pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, kuliko mtu wa Maputo, mji mkuu. Kutoka Mucojo hadi Macomia mjini ni zaidi ya kilometa 40 za barabara ya udongo, na hospitali ya mkoa iko mbali zaidi, mjini Pemba. Dakika 30 zinaisha pikipiki bado inatafutiwa mafuta. Kwa hiyo mengi ya yale yatakayompata mgonjwa wodini yanaamuliwa kwanza uani kwake.

Ushahidi mzuri zaidi wa pwani yetu umetoka Kilifi, Kenya. Watafiti wa hospitali ya wilaya walifuatilia visa 388 vya watoto waliolazwa kwa degedege na kifafa cha muda mrefu mwaka 2002 na 2003. Watoto 59, yaani asilimia 15, walifia hospitalini. Wengine walifariki baada ya kurudishwa nyumbani, na asilimia 12 walibaki na ulemavu wa ubongo. Visa 7 katika kila 10 vilitokana na maambukizi, na hapa kwetu kila mzazi anajua malaria inavyopanda kichwani. Waliokuwa hatarini zaidi kufa ni wenye homa ya uti wa mgongo na wale ambao kifafa chao kilianzia upande mmoja wa mwili. Waliobaki na ulemavu zaidi ni wachanga wa chini ya mwaka mmoja na wale ambao sukari ya damu ilikuwa imeshuka.

Kwa watu wazima, utafiti wa Richmond, Marekani, uliotoka 1994 ulionyesha tofauti ya kutisha: kwa wale ambao kifafa kilikoma kabla ya saa moja, chini ya 3 katika 100 walikufa; kwa wale ambao kilipita saa moja, 32 katika 100. Muda na chanzo, hayo mawili ndiyo yanayopima hatima ya mgonjwa. Daktari hawezi kukurudishia muda uliokwisha kupotea, na chanzo hawezi kukijua upesi asipoambiwa na aliyekuwapo.

Basi mtu akianguka, mmoja wenu ashike saa na asishike kazi nyingine. Simu yoyote ina saa. Aseme kwa sauti, "Kimeanza saa nne na dakika kumi," ili wote wasikie, maana kwenye kilio na mkanyagano kila mtu hukumbuka muda wake. Kama simu inapiga picha, arekodi nusu dakika: uso unaelekea wapi, mkono gani ulianza kutikisika. Picha hiyo fupi itamfaa daktari kuliko maelezo ya watu kumi.

Wa pili amlaze mgonjwa ubavu. Afungue fundo la kanga au kola shingoni, akunje nguo na kuiweka chini ya kichwa, mdomo uelekee chini ili mate na matapishi yatiririke nje. Ukiona mate yanatiririka nje na pumzi inasikika, umeweka vizuri. Usitie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Meno huvunjika na vipande huingia njia ya hewa. Usimnyweshe maji, dawa wala kombe wakati huo. Usimbane mikono. Na mguse bila hofu: povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi mtu. Hofu hiyo imeacha watu wakiungua motoni huku jamaa wamesimama pembeni wakitazama.

Dakika ya 5 ikifika, ondokeni. Msingoje kuona kama kitaacha. Vivyo hivyo kama kimeacha kisha kikarudi kabla hajapata fahamu. Anayetaka kumsomea mgonjwa, au mganga anayetaka kumfukizia, na afanye hivyo baadaye, gari halimngoji.

Kuna jambo moja la kuandaa mapema, na nalitilia mkazo kuliko yote. Diazepamu ya maji inaweza kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, na inafanya kazi ndani ya dakika chache. Mwenye mgonjwa wa kifafa nyumbani amwombe mhudumu wa afya amwonyeshe kwa mikono, si kwa maneno: kiasi gani kwa uzito wa mgonjwa huyu, bomba liingie kiasi gani, matako yabanwe muda gani dawa isitoke. Kiasi kiandikwe kwenye karatasi na karatasi ifungwe pamoja na dawa. Usizidishe kwa kudhani itafanya haraka, kwa sababu dawa hii ikizidi inapunguza pumzi. Asiyefundishwa asijaribu.

Mkifika, yasemeni haya kwanza, kabla ya salamu ndefu: saa kilipoanza, dawa mliyompa na saa mliyompa, dawa anazokunywa kila siku na lini alizikosa, kama ana homa, kama amegonga kichwa, kama ni mlevi. Kama ni mwanamke, semeni kama ana mimba au amejifungua karibuni. Kifafa cha uzazi kina dawa yake, magineziamu salfeti, na mhudumu asiyejua kuna mimba anaweza kuhangaika na dawa nyingine huku mama na mtoto wakipotea. Kisha ombeni kwa adabu sukari ya damu ipimwe sasa hivi, hasa kwa mtoto ambaye hajala tangu jana. Matokeo ya Kilifi yanaonyesha kwa nini. Sukari inapimwa kwa tone moja la damu ya kidole, na dawa yake ni glukosi ya mshipani.

Msishtuke mkiona dawa zinabadilishwa. Diazepamu ikirudiwa mara ya pili bila mafanikio, hufuata fenobarbitali au fenitoini kwa mshipa. Hata katika hospitali tajiri dawa za hatua ya pili si za uhakika: jaribio kubwa lililotangazwa 2019 lililinganisha dawa tatu, na kila moja ilizima kifafa kwa karibu nusu tu ya wagonjwa. Ndiyo sababu kituo kidogo kikisema "apelekwe Pemba," msibishane nacho wala msikae mkikusanya ukoo mzima. Chukueni karatasi ya rufaa yenye saa na kiasi cha kila dawa.

Kikishakoma, mgonjwa atalala saa kadhaa, pengine mkono au mguu mmoja ukiwa mzito. Uzito huo mara nyingi huondoka ndani ya siku moja au mbili. Lakini aliyeacha kutikisika na bado haamki, macho yakichezacheza au kope zikipigapiga, mwambieni nesi mara moja, maana kifafa kinaweza kuendelea ndani ya ubongo huku mwili umetulia. Na kabla ya kuruhusiwa ulizeni: nini kilisababisha, dawa gani anakwenda nayo, tarehe gani arudi. Miezi inayofuata mtazameni mtoto anavyotembea, anavyosikia, anavyosema. Ukiona amerudi nyuma, mrudishe hospitali.

Hatari kubwa ya huku kwetu siku hizi ni dawa kukatika. Fenobarbitali ikiachwa ghafla, kifafa hurudi, na mara nyingi hurudi kile kirefu. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, na vita vilivyoanza Oktoba 2017 vilipowatoa watu wa pwani ya Macomia, Quissanga na visiwani, wengi wakishushwa na mashua Paquitequete, Pemba, mwaka 2020, familia ziliondoka na watoto na kile kilichoshikika. Kidonge kidogo cheupe hakikumbukwi bunduki zikilia. Kwa hiyo kiandalie mfuko wake leo: vidonge vya wiki kadhaa ndani ya chupa iliyokazwa kifuniko, iliyofungwa kwenye plastiki isiingiwe na maji ya chumvi, pamoja na karatasi yenye jina la dawa na kiasi chake. Mfuko ukae mahali kila mtu wa nyumba anapajua, karibu na mlango. Ukifika ugenini, nenda kituo cha afya siku ya kwanza na karatasi hiyo. Usingoje vidonge viishe.

Hata kifafa kifupi kinaweza kuua. Kule Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu 1960. Baada ya miaka 30 wagonjwa wake 164 walifuatiliwa: 110 walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe, kama vile kifafa kisichokoma, kuzama majini, kuungua. Kwa wavuvi, hilo la kuzama si la kupitia juu juu. Mwenye kifafa asiingie baharini peke yake, wala asipige mbizi, hata kama hajaanguka mwaka mzima.

Fenobarbitali ni miongoni mwa dawa za kifafa zenye bei rahisi zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 katika kila 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa na kuitumia sawasawa. Mwenye mgonjwa nyumbani, wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe vidonge vya akiba na ufundishwe kutumia diazepamu. Mpatane na mwenye pikipiki au mashua sasa, kabla ya usiku utakaomhitaji.