ASIDI YA YURIKI NA UIMARA WA MIFUPA: KUFUATANA SI KUZAANA

Katika kurasa za chama chetu tumezoea kusoma mashairi, vitendawili na insha za methali. Leo nawaletea somo la bayolojia, maana wako wenzetu wanaodai ati sayansi haisemeki kwa Kiswahili. Hebu tuone kama ni kweli.

Swali letu ni hili. Iko asidi moja katika damu iitwayo asidi ya yuriki. Ikizidi, huleta jongo, ugonjwa unaomfanya mtu mzima alie kwa maumivu ya kidole cha mguu. Hata hivyo, watafiti wa nchi mbalimbali wameona kwamba wazee wenye asidi hii nyingi mara nyingi wana mifupa iliyo imara zaidi. Je, kinachoumiza kidole chaweza kuwa dawa ya mfupa? Tulichambue jambo hili hatua kwa hatua.

1. ASIDI YA YURIKI NI KITU GANI?

Kila seli ya mwili ina kemikali ziitwazo purini. Seli zikifa, au tukila nyama, purini hizo huvunjwavunjwa, na mabaki yake ya mwisho ni asidi ya yuriki. Damu huibeba hadi kwenye figo, nazo figo huitoa kwa mkojo. Sehemu nyingine hutoka kwa njia ya matumbo.

Ukitaka kuiona kwa macho yako, tazama kinyesi cha kuku pale uani. Ile sehemu nyeupe kama chokaa ndiyo yenyewe. Kuku hatoi mkojo wa maji kama mbuzi. Hutoa uchafu mzito ili asipoteze maji mengi. Mbuzi na ng'ombe nao wana kimeng'enya kinachoigeuza asidi hii kuwa kitu chepesi kuyeyuka. Sisi binadamu, pamoja na sokwe, tulikipoteza kimeng'enya hicho mamilioni ya miaka iliyopita. Ndiyo maana jongo si ugonjwa wa ng'ombe, lakini mwenye ng'ombe aweza kuugua.

Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, ndiye aliyeitambua asidi hii mwaka 1776 alipochunguza mawe ya kibofu. Mwaka 1848 daktari wa London, Alfred Baring Garrod, alionyesha kwamba imejaa katika damu ya wagonjwa wa jongo.

Fikiria kikombe cha chai. Ukitia sukari kupita kiasi, haiyeyuki yote. Nyingine hukaa chini. Damu nayo ina kiasi chake. Asidi ya yuriki ikizidi takriban miligramu 6.8 katika kila mililita 100, inaweza kuganda na kuwa fuwele zenye ncha kali kama sindano. Fuwele hizi hupenda kukaa katika viungo vyenye baridi, hasa kwenye kidole gumba cha mguu. Mara nyingi maumivu huanza usiku. Kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, na hata shuka likikigusa mtu anapiga kelele. Si kila mwenye asidi nyingi hupatwa na jongo, lakini hatari yake huongezeka.

2. MFUPA SI JIWE

Wengi wetu hudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo. Mfupa ni hai. Ndani yake mna seli za aina mbili zinazofanya kazi kama mafundi wawili katika nyumba moja: mmoja hubomoa ukuta uliochakaa, mwingine hujenga upya. Katika ujana fundi wa kujenga ndiye mwenye nguvu, na mfupa hufikia kilele cha uimara wake karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo fundi wa kubomoa huanza kumshinda mwenzake polepole. Kwa akina mama, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua na ubomoaji huenda mbio.

Uimara huo hupimwa kwa mashine maalumu ya eksirei inayoangalia msongamano wa madini katika nyonga na uti wa mgongo. Sifuri ni wastani wa kijana mwenye afya. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpaka: aliye na alama ya −2.5 au chini yake ana ugonjwa wa mifupa dhaifu. Mtu wa namna hiyo akiteleza tu kisimani anaweza kuvunjika nyonga.

3. WATAFITI WALIONA NINI?

Mwaka 2011 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa Sydney, Australia, kwa wazee wa kiume zaidi ya 1,700 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Waliokuwa na asidi ya yuriki nyingi walikuwa na mifupa yenye madini zaidi. Uchunguzi mwingine, wa Rotterdam, Uholanzi, nao ulielekea upande huohuo.

Wataalamu walikuwa na sababu ya kuliamini jambo hili. Asidi ya yuriki, ikiwa imeyeyuka katika damu, hupambana na kemikali kali zinazoharibu seli, kama vile rangi inavyolinda bati lisipate kutu. Wakasema: labda huwalinda wale mafundi wa kujenga mfupa.

Lakini upande wa pili una habari tofauti. Mgonjwa wa jongo la miaka mingi akipigwa eksirei, mara nyingine mfupa ulio karibu na fuwele huonekana umeliwa, kama mti uliotafunwa na mchwa. Tena, majaribio ya panya wa maabara yameonyesha kwamba asidi hii ikizidi hupunguza ile vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, na bila vitamini D mwili haufyonzi kalsiamu vizuri. Sasa tumwamini nani?

4. MVUA, MAJANI NA HOMA

Hapa ndipo sisi watu wa Mto Tana tunaweza kuwafundisha wengine. Mvua za El Nino za mwaka 1997 hadi 1998 zilifurika kila mahali. Nyika iliota majani mabichi, na wakati huohuo homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu katika sehemu za Garissa na kwingineko. Mwaka 2006 hadi 2007 mambo yakawa yaleyale: mvua kubwa, majani, halafu homa.

Mgeni asiyejua angeandika katika daftari lake: "Majani yakiwa mabichi, homa huzuka. Basi majani huleta homa." Sisi tungemcheka! Kilicholeta majani ni mvua. Na mvua hiyohiyo ndiyo iliyoangua mayai ya mbu wanaoeneza homa. Majani na homa vilifuatana njiani, lakini hakuna aliyemzaa mwenzake. Vyote viwili ni watoto wa mvua.

Je, katika habari ya asidi na mifupa, mvua ni ipi? Mojawapo ni uzito wa mwili. Mtu mnene kwa kawaida huwa na asidi ya yuriki nyingi. Wakati huohuo mifupa yake hubeba mzigo mkubwa kila siku, na mfupa unaobeba mzigo hujiimarisha. Mzee aliyekonda kwa njaa au maradhi huelekea kuwa na asidi kidogo na mifupa myembamba pia. Watafiti hujaribu kuuondoa uzito kwa hesabu, lakini chakula, misuli na afya ya jumla havitenganishwi kwa urahisi hivyo.

5. URITHI WATOA USHAHIDI

Basi wanasayansi wakabuni njia nyingine. Wapo watu waliorithi kutoka kwa wazazi jeni zinazoongeza asidi ya yuriki. Hawakuzichagua, walizipata kama kwa kupiga kura tumboni mwa mama. Jeni hizo hugawanyika bila kujali nani mnene, nani tajiri, nani anakula nini. Kama kweli asidi hii huimarisha mifupa, waliorithi jeni hizo wangekuwa na mifupa imara kuliko wenzao.

Mwaka 2015 watafiti wa New Zealand walichapisha uchunguzi wa namna hii. Walitumia kumbukumbu za familia za Framingham, mji wa Marekani ambao wakazi wake wamefuatiliwa afya zao tangu mwaka 1948. Hawakupata ushahidi kwamba asidi ya yuriki yenyewe huimarisha mfupa. Waliofuata njia hiyo mwaka 2016 nao walifikia jibu kama hilo. Kwa hiyo inavyoonekana, asidi na mfupa ni wasafiri wa njia moja tu, si mzazi na mtoto.

6. SISI WA NANIGHI TUSHIKE LIPI?

Pengine utauliza, mambo ya Sydney yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana.

Kwanza, mtu asikudanganye kwamba jongo ni dalili ya mifupa mizuri, ukaacha kutibiwa. Vilevile tusiseme mzee karogwa kwa sababu kidole kimevimba usiku. Apelekwe hospitali apimwe damu. Dawa ya alopurinoli, inayopunguza asidi hii, imetumika tangu miaka ya 1960.

Pili, liko jambo la TB. Katika miezi miwili ya mwanzo, mgonjwa kwa kawaida hupewa pirazinamidi pamoja na dawa nyingine. Pirazinamidi huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, kwa hiyo viungo vyaweza kuuma. Wako wanaosema, "Dawa hii inaniua," wakaiacha. Jamani, hapo ndipo hatari ilipo! TB iliyoachwa katikati hurudi ikiwa sugu na kuambukiza nyumba nzima. Mgonjwa amweleze mhudumu wa afya maumivu yake, wala asijikatie dawa mwenyewe.

Tatu, maziwa. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2004, uliofuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulionyesha kwamba wanywaji wa maziwa walipatwa na jongo kidogo kuliko wengine, ilhali walaji wa nyama nyingi na samaki wengi walipatwa zaidi. Maziwa yana kalsiamu pia. Katika jamii zetu, mfugaji na mkulima wa mtoni hubadilishana maziwa na mahindi. Kumbe biashara hiyo ina faida hata mifupani. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulipoua mifugo, hatukupoteza mali peke yake. Watoto walikosa kitu cha kujengea mifupa katika umri ambao haurudi.

Nne, joto la kwetu halina mchezo. Maji safi ya kutosha husaidia figo kuitoa asidi. Soda nyingi si badala ya maji, kwani sukari yake huiongeza.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mwanafunzi wa sayansi huuliza zaidi: wingu limeleta nini, na nini kimekuja nalo tu? Ukisikia redioni kwamba kitu fulani "kimeonekana pamoja na" afya njema, simama kwanza. Tafuta mvua iko wapi.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kwa nini binadamu huugua jongo na ng'ombe haugui?
2. Eleza kazi ya "mafundi wawili" wa mfupa. Nani hushinda uzeeni?
3. Taja mambo mawili ya hapa mtoni ambayo hufuatana bila moja kusababisha jingine. "Mvua" yao ni ipi?
4. Jirani yako anataka kuacha dawa za TB kwa sababu magoti yanauma. Andika mazungumzo mafupi kati yako na yeye.