JE, CHUMVI IKIYEYUKA UMEME HUPITA?

Ndugu msomaji, najua utajibu upesi, "Ndiyo!" Kwa chumvi ya mezani ndani ya maji, jibu hilo ni sawa kabisa. Lakini viyeyushi ni vingi, na hapo ndipo utamu wa Kemia unapoanza.

Ndani ya myeyusho, umeme hubebwa na ayoni zilizo huru. Ayoni chanya na ayoni hasi huvutana sana. Kazi ya kiyeyushi ni kuupunguza mvuto huo. Katika joto la digrii 25, maji huupunguza mara 78 hivi, ethanoli mara 24, asetoni mara 21, nayo dioksani mara 2 tu.

Sasa tazama kloraidi ya lithiamu. Huyeyuka katika asetoni, hata punje huoni. Lakini ayoni nyingi hutembea mbili mbili, chanya na hasi, kama marafiki walioshikana mikono. Jozi hiyo haina chaji, basi haivutwi na elektrodi yoyote. Chumvi imeyeyuka, lakini umeme unapita kidogo! Niels Bjerrum, mwanakemia wa Denmark, alizieleza jozi hizi mwaka wa 1926.

Kuna ajabu nyingine. Katika viyeyushi dhaifu kama dioksani yenye maji kidogo, ukizidi kuongeza chumvi, uwezo wa kila moli kupitisha umeme hushuka, kisha hupanda tena! Raymond Fuoss na Charles Kraus wa Marekani walieleza mwaka wa 1933 kwamba ayoni ya tatu hujiunga na jozi. Chanya mbili na hasi moja hubaki na chaji chanya moja, kwa hivyo umeme hubebwa tena.

Tusidhani ni mambo ya vitabuni tu. Betri ya simu ina chumvi ya lithiamu, na maji hayawezi kutumika humo kwa sababu yangeiharibu. Mafundi huchanganya kiyeyushi kinachotenganisha ayoni vizuri na kingine chepesi ili ziende mbio. Ayoni zikishikana mno, betri hufanya kazi kwa kuvutavuta miguu.

Kwa hivyo ukiulizwa swali hili, uliza kwanza: imeyeyuka katika nini? Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Kwa jozi za ayoni, naona utengano ndio nguvu!