Ukishuka Mikumi, Usirudi na Malaria

Tuseme unasoma Njombe. Klabu yenu ya mazingira imekusanya nauli, mwalimu mkuu ameandika barua, na basi linaondoka alfajiri. Mnakwenda kuona tembo! Safi sana. Lakini kabla hujapanda basi, soma somo hili.

KUPANDA AU KUSHUKA?

Kutoka Njombe unaweza kupanda au kushuka. Ukipanda, unafika Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Iko kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya maua yake wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Huko adui yako ni baridi na mvua. Beba sweta na koti la mvua, na ukilowa badili nguo mara moja.

Ukishuka, mambo ni mengine. Mnapita Makambako, mnashika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, mnapita Iringa, halafu mnateremka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni. Hapo kila mtu anavua sweta, na mibuyu inaanza kuonekana. Mbele kidogo ndiyo Mikumi, hifadhi tangu mwaka 1964, yenye kilometa za mraba 3,230, twiga, nyati, viboko na simba. Kuna joto. Na kuna mbu.

KWA NINI WEWE HASA?

Malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Vimelea vya malaria vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Chini ya nyuzi 16 hivi vinashindwa. Ndiyo maana Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania.

Hiyo ni bahati, lakini ina upande wa pili. Mtu aliyekulia mahali penye malaria nyingi ameumwa na mbu mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Wewe wa nyanda za juu, mwili wako haujazoea. Ukiambukizwa, unaweza kuzidiwa haraka, hata kama ni mchezaji wa timu ya shule. Usijilinganishe na mwenzako wa Mikumi anayesema, "Ah, malaria kitu gani!"

UFANYE NINI?

• Wiki moja au zaidi kabla ya safari, uliza kwenye kituo cha afya kama unahitaji dawa ya kuzuia malaria.
• Mkilala huko, lala ndani ya chandarua chenye dawa. Kiingize kingo zake chini ya godoro.
• Jioni vaa nguo za mikono mirefu na jipake dawa ya kufukuza mbu. Mbu huyu huuma usiku.
• Mchana usivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokolea. Rangi hizo huwavutia mbung'o, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa malale.
• Usishuke kwenye gari mpaka askari wa hifadhi aseme. Na usiwalishe nyani, hata kama wanaomba kwa adabu!

UKISHARUDI

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Malaria haianzi siku ileile. Kwa kawaida homa huanza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Wakati huo uko bwenini, picha za tembo mmeshazitazama mpaka mmezichoka. Unatetemeka, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Wenzako wanasema, "Mafua tu hayo, baridi ya Njombe."

Usikubali! Mwambie matroni au patroni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukifika, sema sentensi hii: "Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mikumi." Usipoisema, mhudumu anaweza asifikirie malaria haraka. Atakutoa tone la damu kidoleni, na majibu hupatikana baada ya dakika chache. Ukikutwa nayo utapewa dawa. Ukipewa dawa mseto, maliza dozi yote ya siku tatu hata ukijisikia poa siku ya pili.

Mwenzako akitapika kila kitu, akichanganyikiwa, akipata degedege au akishindwa kusimama, huo si wakati wa kusubiri asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

JADILIANENI DARASANI

1. Kwa nini malaria ni kidogo Njombe kuliko Mikumi?
2. Rafiki yako amepata homa siku ya 12 baada ya safari. Utamshauri nini?
3. Nani katika klabu yenu ataandika tarehe ya kurudi na kuwakumbusha wenzake kwa miezi mitatu?

Safari njema, na tembo wasalimieni!