Sukari imejaa Kasulu, Kibondo imeisha: jinsi ya kujua lini uagize mzigo na kiasi gani

Leo chukua daftari na kalamu, maana somo lina hesabu kidogo. Ni kuzidisha na kujumlisha tu, usiogope.

Nina duka dogo la jumla hapa Kasulu mjini. Kibondo nina duka la pili, analisimamia mdogo wangu. Msimu mmoja wa mvua alinipigia simu: "Shikamoo dada. Hivi sukari inakuja lini? Iliisha tangu Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu, "Nilijua unajua, dada. Si wewe ndiye unayeagiza?"

Wakati tunaongea nilikuwa nimesimama stoo. Mbele yangu mifuko ya sukari imepangwa karibu na dari. Nilinunua mingi kwa sababu niliambiwa bei itapanda, na haikupanda. Hela niliyonunulia ilikuwa mkopo wa kikundi, marejesho kila wiki. Yaani hela yangu imelala Kasulu, na wateja wangu wa Kibondo wanaingia dukani na kutoka mikono mitupu. Mama mmoja mwenye mgahawa, aliyekuwa akichukua kwetu kila wiki, alihamia duka la jirani. Sukari ilipofika hakurudi. Na mteja wa namna hiyo akihama, anahama pia na mafuta, mchele na sabuni. Marejesho ya wiki ile niliyalipa kwa hela ya ada ya mtoto.

Nilipokaa na kufikiri niliona jambo moja: mtaji nilikuwa nao, na mzigo nilikuwa nao. Nilichokosa ni taarifa ya kuniambia mzigo uko wapi, unaisha lini na niamue nini. Wataalamu wana jina la kitu hicho, wanakiita mfumo wa kusaidia maamuzi. Jina linatisha, lakini mkoa wetu wa Kigoma umewahi kuuona ukifanya kazi kwa simu za kawaida kabisa.

FUNZO KUTOKA ZAHANATI

Kati ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kulikuwa na mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life. Ulifanyika katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, majirani zetu. Ulihusu vituo vya afya na zahanati 129, kwa wiki 21. Tatizo lilikuwa kama langu: dawa za malaria zimeisha kituo hiki, na wa wilayani hajui.

Walichofanya ni hiki. Kila Alhamisi mhudumu wa kituo alipata ujumbe kwenye simu yake akiulizwa zimebaki dawa ngapi, dawa mseto na kwinini ya sindano. Anahesabu, anajibu kwa ujumbe usiokatwa salio, na akijibu kwa wakati anapata vocha kidogo. Namba zote zinakusanywa sehemu moja, na msimamizi wa wilaya anaona kituo kipi kimekauka na kipi kina ziada.

Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa vimebaki 26 katika kila 100.

Angalia vizuri hapo. Ujumbe wa simu hautengenezi dawa. Ulichofanya ni kumwonyesha msimamizi pengo mapema, akaagiza, au akatoa dawa kituo chenye ziada na kuipeleka penye upungufu. Kumbe na mimi ningeweza kutoa sukari Kasulu na kuipakia kwenye gari la kwenda Kibondo kabla ya ile Jumatatu.

Sasa twende hatua kwa hatua jinsi ninavyofanya mimi.

HATUA YA 1: Chagua bidhaa chache

Usianze na duka zima, utachoka wiki ya pili. Mimi nilianza na tano zinazotoka sana: sukari, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, chumvi na sabuni ya mche. Kila Alhamisi jioni mdogo wangu anahesabu na kunitumia ujumbe mfupi: jina la bidhaa na idadi. Mimi nahesabu za Kasulu. Zote naziandika kwenye daftari moja, ukurasa mmoja, Kasulu kushoto na Kibondo kulia. Ukiwa na simu janja unaweza kutumia Excel, lakini daftari linatosha.

HATUA YA 2: Jua mauzo yako ya siku

Gawanya ulichouza kwa siku ambazo bidhaa ILIKUWEPO. Hapa wengi tunakosea. Tuseme kwa siku 14 umeuza mifuko 20 ya sukari, lakini siku 4 kati ya hizo sukari haikuwepo kabisa. Ukigawa 20 kwa 14 utapata mfuko mmoja na kidogo, utaagiza kidogo, na itaisha tena. Gawa kwa 10. Mauzo yako halisi ni mifuko 2 kwa siku.

HATUA YA 3: Chora mstari mwekundu

Mstari mwekundu ni ile idadi ambayo mzigo ukifika hapo, unaagiza bila kusubiri. Kanuni yake:

Mauzo ya siku × siku za kawaida za kusubiri mzigo + mauzo ya siku × siku za kuchelewa.

Siku za kusubiri zihesabu kuanzia unapopiga simu kuagiza mpaka mzigo unashushwa dukani. Usihesabu saa za gari barabarani peke yake. Kuna siku ya kutafuta gari, siku ya kusubiri lijae, siku dereva anasema "kesho."

Namba zangu za sukari Kibondo ni hizi. Kiangazi nasubiri siku 4, na ikichelewa inaongezeka siku 2. Kwa hiyo 2 × 4 = 8, na 2 × 2 = 4. Mstari ni mifuko 12. Masika nasubiri siku 6, na kuchelewa kunaweza kuongeza siku 4. Kwa hiyo 12 + 8 = mifuko 20.

Duka lile lile na wateja wale wale, ila mstari umetoka 12 hadi 20 kwa sababu ya mvua. Kwetu mvua zinaanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo mwezi wa kumi mimi nafuta mstari wa kiangazi na kuchora wa masika.

HATUA YA 4: Kosa nililofanya, usilirudie

Nilipoanza mfumo huu sukari iliisha tena. Nikajiuliza, hesabu si ziko sawa? Alhamisi moja ya kiangazi mdogo wangu aliandika "sukari 13." Mstari ni 12, nikasema bado. Alhamisi iliyofuata akaandika "sukari 0." Kwa wiki moja tunauza mifuko 14, na mimi nilikuwa naangalia mara moja kwa wiki!

Ukihesabu mara moja kwa wiki, lazima uongeze siku 7 kwenye siku za kusubiri. Mstari wangu ungepanda hadi 26, na hiyo ni hela nyingi kulala kwenye mfuko. Kwa hiyo nilifanya hivi: bidhaa inayotoka haraka inaangaliwa kila jioni wakati wa kufunga. Tumechora alama ya rangi nyekundu ukutani, na mifuko ikishuka hadi kwenye ile alama mdogo wangu anatuma ujumbe siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Zile zinazotoka polepole, kama chumvi, zinasubiri Alhamisi, na mstari wake tumeuongezea zile siku 7.

HATUA YA 5: Kabla ya kuagiza, angalia duka la pili

Naangalia ukurasa kwanza: Kasulu kuna ziada juu ya mstari wake? Kama ipo, inahama. Kama una duka moja tu, tafuta mwenzako mnayeaminiana wa mtaa mwingine, mpeane taarifa na kuazimana mifuko. Andikeni, maana kuazimana bila kuandika huvunja urafiki.

HATUA YA 6: Njia ipi?

Duka la Kibondo linaweza kupata mzigo kutoka upande wa Kigoma kupitia Kasulu, au kutoka Kahama kupitia Nyakanazi. Wengi wetu tunauliza bei ya mfuko tu. Wewe uliza mfuko utakuwa umegharimu shilingi ngapi ukishafika dukani, na utafika lini.

Chukua namba hizi za mfano. Njia ya kwanza: mfuko 68,000, usafiri 5,000, kupakia na kushusha 500. Jumla 73,500, unafika baada ya siku 9. Njia ya pili: mfuko 71,500, usafiri 2,000, kupakia na kushusha 500. Jumla 74,000, unafika baada ya siku 4. Unauza 76,500.

Kwa mifuko 28, njia ya kwanza inakuokolea 14,000. Lakini tuseme sukari iliyobaki dukani inatosha siku 4 tu. Siku 5 utakaa bila sukari. Mifuko 2 kwa siku ni mifuko 10, na faida ya 2,500 kila mmoja: umepoteza 25,000, bado hujamhesabu mama mwenye mgahawa. Kwa hiyo mimi natumia njia ya bei nafuu nikiwa bado mbali na mstari, na njia ya haraka nikiwa nimeugusa. Ukiagiza mapema unachagua njia. Ukichelewa, njia inakuchagua wewe.

Wakubwa nao wanafanya hesabu za namna hii. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lina programu iitwayo Optimus inayolisaidia kupanga chakula gani kinunuliwe wapi na kipitishwe njia ipi. Mwaka 2021 kazi yao hiyo ya hesabu ilipata tuzo ya kimataifa ya Franz Edelman. Tofauti yao na sisi ni idadi ya malori.

MFUMO HAUJUI KILA KITU

Daftari linajua yaliyopita tu. Kambi ya Mtendeli kule Kakonko ilifungwa mwaka 2021. Aliyekuwa akiuza jirani na kambi ile, wastani wake wa mwaka uliotangulia ungemdanganya kabisa. Vivyo hivyo shule zikifunguliwa, mavuno ya maharage yakiingiza hela mifukoni mwa watu, au Ramadhani ikikaribia na sukari kuanza kutafutwa. Hapo hesabu inakupa namba, wewe unaongeza au kupunguza kwa akili yako. Ila andika pembeni kwa nini umebadilisha, ili mwakani usianze kubahatisha upya.

Na jambo la mwisho, la muhimu kuliko yote: mtu anayekutumia namba. Mdogo wangu aliwahi kunitumia namba za kukisia kwa sababu alichoka kuhesabu. Sikumgombeza. Nilianza kumtumia vocha kila Alhamisi akituma kabla ya saa moja usiku, kama wale wahudumu wa zahanati. Siku ninayokwenda Kibondo tunahesabu pamoja na kulinganisha na ujumbe wake wa mwisho.

Je, bidhaa haziishi tena? Zinaisha mara moja moja, sitawadanganya. Lakini sishtuliwi tena na simu ya "iliisha tangu Jumatatu," na ada ya mtoto haijaguswa tena. Yule mama mwenye mgahawa alirudi mwezi wa tatu baadaye, kwanza kwa mafuta ya kupikia tu. Nilimwambia mdogo wangu asiulize kitu, ampimie vizuri.

KAZI YA NYUMBANI: Leo jioni chagua bidhaa moja tu. Tafuta mauzo yake ya siku, hesabu siku zako za kusubiri, chora mstari mwekundu. Kisha andika hapa chini: bidhaa gani, mstari wako ni ngapi, na dukani sasa hivi zimebaki ngapi. Kama umeshapita mstari, acha kuandika, piga simu uagize kwanza. Biashara njema.