Kisu Kisichoshika Kutu: Somo kutoka Mashamba ya Mwani ya Unguja



Somo la robo hii linahusu kitu kidogo kinachoingia mfukoni, yaani kisu cha kukunja. Huenda wengine mkajiuliza kisu kina uhusiano gani na kurasa za maendeleo. Uhusiano upo. Kisu kilinifundisha mimi, mratibu wenu, kwamba fedha ya sadaka yaweza kupotea hata pale ambapo risiti zote zipo na hakuna aliyeiba.

Mambo yalivyokuwa

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi cha akina mama wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo hiki kilianza huko mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na hadi leo walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, akina mama huingia mashambani, hufunga mbegu kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti vilivyopigiliwa mchangani, na mwani ukikomaa huvuna na kuubeba hadi ufukweni kuuanika. Kisu ni cha lazima: kukata kamba, kukata vikamba vya kufungia mbegu, na kutenganisha kilichojisokota. Saa nyingi kisu hicho kimo ndani ya maji ya chumvi.

Katika orodha ya vifaa niliandika: "visu vya kukunja, visivyoshika kutu." Muuzaji mmoja mjini alinionyesha visu vya rangi ya dhahabu, na kwenye bapa pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ni vya titani. Nikavipenda, nikatia sahihi hati ya malipo.

Baada ya miezi mitatu nilikwenda kukagua mradi. Bibi mmoja alinitia kisu chake mkononi akasema, "Mwanangu, kisu ulotuletea kimekaza. Kukikunjua mpaka meno." Bawaba ilikuwa imejaa mchanga na kutu. Mwenzake alikuwa amefunga kitambaa kidoleni. Kufuli ya kisu chake iliteleza na bapa likajifunga juu ya kidole. Wengine walikuwa wamerudia zamani visu vyao vya kawaida, vile vinavyofuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya gari, na kwa heshima yao hawakutaka kunilalamikia. Niliandika ukweli huo katika taarifa yangu, kisha nikaanza kuuliza na kusoma. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

1. Kutu ya pwani

Kutu ni chuma kinapoungana na oksijeni mahali penye maji. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji baridi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo ndani ya chuma. Chumvi pia huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana hata ndani ya Mji Mkongwe, kwa mtu asiyeingia baharini kabisa, bawaba za madirisha na visu vya jikoni huliwa haraka kuliko Dodoma au Arusha.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Mtepe, chombo chao cha kale, ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari wa chuma. Milango ya Mji Mkongwe nayo ilipambwa kwa njumu za shaba. Walitazama kwanza kazi na mahali, ndipo wakachagua kitu.

2. Titani ni nini, na si nini

Titani ni metali nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 4.5 hivi, wakati chuma kina karibu gramu 7.8. Juu yake hujitengenezea utando mwembamba sana unaozuia maji na chumvi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudia wenyewe. Kwa sababu hiyo titani haishiki kutu katika maji ya bahari. Madini yake si mageni kwetu, yamo katika mchanga mweusi wa pwani ya Afrika Mashariki. Huko Kwale, kusini mwa Mombasa, kampuni ya Base Titanium iliyachimba kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia katika kutengeneza rangi nyeupe, wala si visu.

Hata hivyo titani ina udhaifu. Haiwezi kufanywa ngumu kama chuma kizuri cha kisu, hivyo bapa la titani tupu huwa butu upesi. Ndiyo maana katika visu vingi vizuri titani hutumika kwenye mpini, na bapa huwa la chuma.

Visu vyangu vya rangi ya dhahabu vilikuwa kitu kingine kabisa. Rangi ile kwa kawaida ni mpako wa titani iliyochanganywa na naitrojeni. Mpako huo ni mgumu kweli, lakini ni mwembamba mno na chini yake ni chuma. Ukinoa kisu mara ya kwanza, makali yote yamebaki uchi, na chumvi inaanzia hapo.

Nendeni dukani na sumaku. Mpini unaoitwa wa titani ukishikwa na sumaku, hiyo si titani. Lakini usiposhikwa msishangilie bado, kwa kuwa alumini na aina kadhaa za chuma nazo hazishikwi. Sumaku yaweza kumkamata anayedanganya, lakini haitoshi kumthibitisha msema kweli.

3. Chuma kisichoshika kutu

Chuma kinachouzwa kwa jina hili huwa na metali iitwayo kromi, angalau asilimia 10.5. Kromi hujenga utando wa kulinda, kama ule wa titani lakini dhaifu zaidi. Chumvi ya bahari huutoboa, na hapo huonekana vidoa vidogo vyeusi au vya rangi ya kutu ambavyo huchimba kwenda ndani. Jina linasema "kisichoshika", lakini vema ikaeleweka kuwa maana yake ni "kinachochelewa kushika".

Bapa huhitaji kaboni ili liwe gumu na likae na makali. Lakini kaboni hujishikiza kwa kromi, na kromi iliyoshikwa hivyo hailindi tena. Kwa hiyo mara nyingi kisu kinachokaa na makali muda mrefu hushika kutu upesi zaidi, na kinachostahimili chumvi huhitaji kunolewa mara kwa mara. Viwanda vimejaribu kulitatua hili kwa kuweka naitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni. Vyuma vya namna hiyo, kama H1 na LC200N, hustahimili bahari vizuri sana, ila bei yake ni kubwa kwa kikundi cha kijijini.

4. Tazameni skrubu na bawaba

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile iliyo dhaifu huliwa haraka kuliko kama ingekuwa peke yake. Mpini wa titani uliofungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida utabaki unang'aa huku skrubu zikiisha, na kisu kitaachana vipande. Kwa hiyo mulizeni muuzaji skrubu, springi na kufuli ni vya nini.

Bawaba nayo ndiyo mlango wa mchanga. Kisu cha kukunja kinachofaa pwani kina mpini ulio wazi upande wa nyuma, ili maji yapite na kuusafisha. Kikunjueni dukani mara kumi. Kisha, kikiwa kimekunjuliwa, sukumeni mgongo wa bapa kwa kipande cha ubao, vidole vikiwa mbali. Kufuli ikiachia, kirudisheni.

5. Kukunja au kutokukunja?

Kwa dereva, fundi, au mfanyakazi anayezunguka Mji Mkongwe na Darajani, kisu cha kukunja kinafaa, kwa kuwa ni kidogo na makali yamefichwa. Kwa mtu anayeshinda ndani ya maji ya bahari, kisu kisichokunjwa, chenye ala ya plastiki yenye tundu la kutolea maji, ni bora na ni salama zaidi. Hakina bawaba ya kukaza wala kufuli ya kuteleza. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo: nilichagua umbo la kisu kinachonifaa mimi mfukoni, nikawapelekea wanaofanya kazi majini.

Wanaosafiri kwa ndege kati ya Dar es Salaam na Unguja wakumbuke kwamba kisu hakiruhusiwi katika mzigo wa mkononi. Kiwekwe kwenye begi linalokwenda na mizigo.

6. Matunzo

(a) Kila siku kioshwe kwa maji baridi, hasa kwenye bawaba, kisha kikaushwe kwa kitambaa na kuachwa wazi.
(b) Tone moja la mafuta ya cherehani litiwe kwenye bawaba. Bapa la kukatia chakula lipakwe mafuta ya nazi kidogo, na yapanguswe yakianza kunata.
(c) Kisilazwe ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hutunza unyevu na chumvi.
(d) Kisisuguliwe kwa nyuzi za chuma, kwani vipande vyake hubaki na kuanza kutu. Kisiloweshwe katika dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe.
(e) Kikundi kiwe na kinoo kimoja cha pamoja. Kisu butu hulazimisha mkono kutumia nguvu, na mkono wenye nguvu ukiteleza huumiza. Mhubiri naye ameligusa jambo hili la chuma butu katika sura ya 10, mstari wa 10.

Tulivyomaliza

Mara ya pili hatukuandika orodha ofisini. Tulinunua visu vichache vya aina tatu, akina mama wakavitumia kwa muda wa bamvua mbili, ndipo wakachagua wenyewe. Walichochagua ni kisu kifupi kisichokunjwa, cha chuma kisichoshika kutu, mpini wa plastiki wa rangi kali ili kikianguka kionekane mchangani. Titani haikuwemo, wala dhahabu. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya visu vyangu vya kwanza. Yule bibi alikipima mkononi, akakata kamba moja, akasema, "Hiki ungetuuliza mapema."

Wapendwa wafadhili, mnapoona katika bajeti zetu fungu dogo la "majaribio ya vifaa", msilihesabu kuwa ni gharama ya ziada. Ni fungu linalozuia kununua mara mbili.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Je, ni kifaa gani katika mradi wetu kilinunuliwa bila kumuuliza atakayekitumia? Kiko wapi leo?
2. Je, katika usharika wetu mtu akipewa kifaa kisichofaa, anaweza kutuambia bila kuona haya?
3. Kabla ya ununuzi ujao, nani atakijaribu kifaa, wapi, na kwa muda gani?

 

Mratibu wa Miradi, Dayosisi