Je, Biashara Yako Inaonekana Kwenye Ramani? Somo kwa Wafanyabiashara wa Kilifi

Mgeni anashuka kwenye matatu Watamu saa mbili usiku. Ana njaa na hamjui mtu. Anatoa simu, anatafuta mahali pa kula samaki, na ramani inamwonyesha hoteli tatu. Hoteli ya nne iko hatua chache kutoka aliposimama. Jiko linawaka na samaki yuko tayari, lakini mgeni anaipita kwa sababu kwenye ramani imeandikwa kuwa imefungwa. Mwenye hoteli hajawahi kuandika maneno hayo, na wala hajui kwamba hoteli yake imo kwenye ramani.

Mfano huu unaonyesha jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui: biashara inaweza kuwa kwenye ramani ya mtandaoni bila mwenyewe kuiweka. Mteja au mpita njia yeyote anaweza kuiongeza, na anaweza pia kupendekeza mabadiliko. Kwa hivyo swali si kama biashara itawekwa kwenye ramani, bali ni nani anayesimamia kinachoandikwa kuihusu.

Somo hili linaeleza namna ya kuchukua usimamizi huo. Kuorodhesha biashara kwenye Google Maps ni bure. Kinachohitajika ni simu ya kisasa, bando kidogo na muda wa kutosha kufanya kazi bila haraka.

Kwa nini ramani ina uzito hapa kwetu

Katika sehemu nyingi za Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi Malindi na bara hadi Mariakani na Ganze, njia nyingi hazina majina na nyumba hazina nambari. Anwani iliyozoeleka ni sanduku la posta, ambalo halimfikishi mtu mlangoni. Watu huelekezana kwa msikiti, shule, mwembe au kituo cha mafuta. Mwenyeji huelewa. Lakini mwanakandarasi kutoka Mombasa anayetafuta duka la vifaa vya ujenzi, au mzazi anayetafuta duka la dawa usiku katika mji asioujua, hana alama hizo.

Ramani za mtandaoni hujengwa na watu. Mwaka 2009, vijana wa Kibera jijini Nairobi walianza kuchora mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera, wakitumia ramani huria ya OpenStreetMap. Kabla ya hapo, mtaa huo mkubwa ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za umma, ilhali ulijaa maduka, shule na zahanati. Funzo lake ni kwamba mahali pasipoandikwa na wenyeji huonekana kana kwamba hapana kitu.

Ramani huchaguaje nani aonekane kwanza

Google yenyewe inaeleza kuwa huangalia mambo matatu. La kwanza ni jinsi biashara inavyolingana na kile mtu anachotafuta. La pili ni umbali kati ya mtu huyo na biashara. La tatu ni jinsi biashara inavyojulikana, yakiwemo maoni ya wateja. Nafasi katika orodha hii ya kawaida hainunuliwi. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama kuwa ni matangazo.

Umbali hauwezi kubadilishwa. Hayo mengine mawili yako mikononi mwa mfanyabiashara.

Hatua kwa hatua

*Tafuta kwanza, usianze kwa kuongeza.* Mwenye biashara aandike jina la biashara yake na mji kwenye Google Maps. Ikiwa tayari ipo, achague sehemu ya kudai umiliki. Akiongeza nyingine, biashara itaonekana mara mbili, maoni yatagawanyika na wateja watachanganyikiwa.

*Akaunti iwe ya mwenye biashara.* Wengi humwachia kijana wa saiba au mfanyakazi afungue kila kitu kwa barua pepe yake. Siku akiondoka, anaondoka na funguo. Akaunti iwe ya mwenyewe, kisha wasaidizi waongezwe kama wasimamizi. Msimamizi anaweza kubadilisha saa na picha, na anaweza kuondolewa wakati wowote bila biashara kupotea.

*Jina liwe lile la ubaoni.* Kuongeza maneno ya kujisifu au orodha ya bidhaa kwenye jina ni kinyume cha kanuni, na kunaweza kusababisha biashara isimamishwe kwenye ramani.

*Aina ya biashara ichaguliwe kwa makini.* Kuna aina moja kuu, na nyingine hadi tisa zinaweza kuongezwa. Gesti yenye mkahawa ichague gesti kuwa aina kuu ikiwa vyumba ndiyo kazi yake kubwa, kisha mkahawa ufuate. Fundi wa pikipiki aliyejiandikisha kama duka tu hataonekana kwa mwendeshaji boda boda anayetafuta gereji.

*Alama iwekwe mlangoni hasa.* Mfanyabiashara aikuze ramani na kusogeza alama hadi kwenye lango ambalo wateja hutumia, wala si katikati ya mtaa. Pale pasipo na jina la njia, Plus Code husaidia sana. Hii ni anwani fupi ya herufi na tarakimu, yenye alama ya kujumlisha ndani yake, ambayo Google Maps hutoa bure kwa kila mahali duniani. Msimbo wa kawaida una herufi na tarakimu kumi na huonyesha eneo la takriban mita 14 kwa 14 katika maeneo yaliyo karibu na ikweta kama yetu. Ukitajwa pamoja na jina la mji, zile nne za mwanzo huachwa. Msimbo huo unaweza kuandikwa kwenye risiti, kadi au ubao, na mwendeshaji boda boda akautumia kumfikisha mteja au mzigo.

*Anayefanyia kazi nyumbani asionyeshe nyumba yake.* Mwokaji keki, fundi bomba au fundi wa umeme anayewafuata wateja anaweza kuficha anwani na badala yake kutaja maeneo anayohudumia, hadi 20. Faragha na usalama wa familia ni muhimu kuliko alama kwenye ramani.

*Uthibitisho.* Google huamua njia itakayotumika: simu, ujumbe mfupi, barua pepe au video. Ikiwa ni video, irekodiwe mfululizo bila kukatwa, kwa angalau sekunde 30. Ionyeshe mambo matatu: mahali penyewe pamoja na majengo ya jirani, biashara pamoja na ubao na bidhaa zake, na ushahidi kuwa anayerekodi ndiye anayeisimamia, kwa mfano kufungua mlango kwa ufunguo au kuingia stoo. Ukaguzi unaweza kuchukua siku kadhaa za kazi.

Saa za kazi na misimu

Hapa ndipo wengi huteleza. Saa zikiwekwa mara moja na kusahaulika, huwa habari ya uongo. Mkahawa unaobadilisha ratiba wakati wa Ramadhani, au duka linalofungwa Krismasi, Pasaka au Idd, unapaswa kutumia sehemu ya saa maalumu, ili saa za kawaida zirudi zenyewe baada ya siku hizo.

Pwani ina misimu yake pia. Wakati wa mvua ndefu, hasa Mei na Juni, baadhi ya hoteli za Malindi na Watamu hufunga kwa ukarabati. Mwenye hoteli achague “imefungwa kwa muda”, asichague “imefungwa kabisa”. Tofauti ya neno moja inaweza kumfanya mgeni anayepanga safari ya Desemba aondoe hoteli hiyo akilini moja kwa moja.

Maoni ya wateja

Mteja aliyeridhika mara nyingi huondoka kimya, na aliyekasirika ndiye huandika. Dawa yake ni kuomba maoni kwa adabu. Google hutoa kiungo cha kutuma kwa WhatsApp. Mfanyabiashara amwombe kila mteja aandike ukweli.

Kutoa soda ya bure, punguzo au pesa ili mtu aweke nyota tano hairuhusiwi. Kadhalika, hairuhusiwi ndugu na wafanyakazi kujisifia, wala kumharibia jirani jina. Maoni ya namna hiyo yanaweza kufutwa na biashara ikawekewa vikwazo.

Maoni mabaya hayafutiki kwa sababu tu yameuma. Yale yenye matusi au yanayovunja kanuni yanaweza kuripotiwa. Mengine yajibiwe kwa utulivu: kukiri kosa kama lipo, kueleza kilichorekebishwa na kumkaribisha mteja tena. Anayesoma jibu hilo si mlalamishi peke yake, ni kila mtu anayefikiria kuja.

Wenye maduka ya dawa na zahanati wawe waangalifu zaidi. Kutaja ugonjwa au dawa ya mteja kwenye jibu ni kuanika siri yake hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za afya za mtu. Hata picha za wateja zisipakiwe bila idhini yao.

Jihadhari na walaghai

Hasara kubwa zaidi inaweza kutokea bila mfanyabiashara kuiona. Chukua mfano wa gesti ambayo haijadaiwa na mwenyewe. Mtu anapendekeza kubadilisha nambari ya simu, na mabadiliko yanakubaliwa. Mgeni anapiga nambari hiyo mpya, anajibiwa kwa heshima na anatuma malipo ya awali kwa M-Pesa. Anapofika, hakuna chumba kilichohifadhiwa. Mgeni amepoteza pesa, na mwenye gesti asiye na hatia ndiye anayepewa nyota moja.

Kinga yake ni hizi:

- Kudai umiliki wa biashara na kuithibitisha mapema.
- Kukagua nambari ya simu, saa na mahali angalau mara moja kwa wiki, hasa karibu na msimu wa wageni.
- Kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, mbali na nywila.
- Kutompa mtu yeyote msimbo wa uthibitisho, hata akijitambulisha kuwa ni wa Google.
- Kukataa kulipia usajili. Anayepiga simu akidai ada ili biashara isiondolewe kwenye ramani ni tapeli.
- Kuwaambia wateja jina litakalotokea wanapolipa, ili walilinganishe kabla ya malipo kukamilika.

Mabadiliko ya kujua

Baadhi ya mafunzo ya zamani yanataja programu ya Google My Business. Huduma hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2021, na programu yake ya simu iliondolewa mwaka uliofuata. Sasa usimamizi hufanyika ndani ya Google Maps au kwenye utafutaji wa Google. Tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia huduma hiyo zilifungwa mwaka 2024, na sehemu ya kutumiana ujumbe ikaondolewa mwaka huo huo. Aliyechapisha kiungo cha tovuti hiyo kwenye kadi au ubao akibadilishe.

Google si ramani pekee. Wageni wenye simu za iPhone wengi hutumia Apple Maps, na biashara inaweza kusajiliwa huko bure pia. Jina, simu na saa zifanane kila mahali.

Ramani si leseni

Kuonekana kwenye ramani hakuondoi wajibu wa kuwa na kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya kwa wanaouza chakula, au usajili wa jina la biashara kupitia eCitizen. Kinyume chake, stakabadhi hizo husaidia pale Google inapotaka ushahidi kuwa biashara ipo kweli.

Vilevile ramani haiwezi kuokoa huduma mbovu. Kazi yake ni kumleta mteja mlangoni. Atakachokikuta humo ndicho kitakachomrudisha.

Zoezi la nusu saa

Mfanyabiashara achukue simu ya mtu mwingine, isiyo na akaunti yake, kisha ajibu maswali haya:

1. Nikitafuta bidhaa ninayouza pamoja na jina la mji wangu, bila kutaja jina langu, je, ninaonekana?
2. Je, nambari iliyoandikwa inaita kwenye simu yangu?
3. Je, saa zilizoandikwa ni za wiki hii?
4. Nikifuata maelekezo kutoka stendi, ninafika mlangoni au nyuma ya ua wa jirani?
5. Picha ya kwanza inayotokea, je, ingenivutia mimi kuingia?
6. Ni maoni gani ya mwisho ambayo hayajajibiwa?

Baada ya mwezi mmoja, afungue sehemu ya takwimu kwenye wasifu wake. Ataona waliopiga simu na walioomba maelekezo ya njia. Aziandike nambari hizo kwenye daftari la mauzo, kando ya mapato ya mwezi, na alinganishe kila mwezi. Hapo atajua kwa hesabu yake mwenyewe, si kwa kuambiwa, kama nusu saa hiyo ilimlipa.

Na yule mwenye hoteli ya Watamu? Kazi yake ya kwanza ni kufuta neno “imefungwa”. Mgeni wa kesho usiku tayari yuko njiani.