SOMO LA AFYA: KIPIMO CHA SINDANO KWA UVIMBE USIOJULIKANA

Madhumuni ya somo: Kumwezesha mwanachama kufahamu kipimo hiki, na katibu kumsaidia mwanachama anayekihitaji.

1. Maana yake
Kila katibu wa chama cha msingi anaijua kazi ya bambo. Gunia la mbaazi likifika ghalani halimwagwi lote. Hudungwa bambo, zikatoka punje chache, na hizo ndizo hukaguliwa. Kipimo cha sindano ni hivyo hivyo. Uvimbe ukitokea shingoni, kwapani au katika titi, macho na mikono ya daktari pekee mara nyingi havitoshi kujua kilichomo ndani.

2. Jinsi kinavyofanyika
Ngozi husafishwa, kisha sindano nyembamba huingizwa uvimbeni na kuvuta chembechembe kidogo. Hizo hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Uchomaji huchukua dakika chache, na maumivu yake yanakaribiana na ya sindano ya kawaida.

3. Yanayoweza kuonekana
Si kila uvimbe ni saratani. Katika Afrika Mashariki, tezi za shingo huvimba mara nyingi kwa kifua kikuu, hata kwa mtu asiyekohoa; ugonjwa huo hutibiwa kwa vidonge kwa miezi 6 au zaidi. Uvimbe mwingine ni mafuta au maji tu. Hata saratani si lazima iwe hukumu ya kifo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji mjini Kampala, alieleza saratani ya taya za watoto, ambayo baadaye ilithibitika kuwa hutibika kwa dawa. Kila ugonjwa una tiba yake. Ndiyo sababu hupimwa kwanza.

4. Hofu na ukweli
Husemwa kwamba sindano huiamsha saratani na kuitawanya. Jambo hilo ni nadra mno. Linalodhuru wengi ni kuchelewa, pamoja na kukata au kuchoma uvimbe nyumbani.

Hata hivyo, bambo laweza kukosa punje mbovu. Sindano nayo vivyo hivyo. Jibu kwamba "chembechembe hazikutosha" si sawa na "hakuna ugonjwa". Kipimo hurudiwa, au hukatwa kinyama kidogo kwa dawa ya ganzi.

5. Wajibu wa chama
Kutoka Karatu hadi Arusha ni yapata kilomita 140, na hadi Moshi, iliko Hospitali ya Rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ni kama kilomita 80 zaidi. Atokaye Endulen au Nainokanoka huanza mbali zaidi. Mgonjwa akipimwa kisha akarudi shambani au malishoni bila kulifuata jibu, nauli imepotea na ugonjwa unaendelea. Yafaa mgonjwa aulize siku ya jibu, aitunze karatasi yenye namba yake, na, akiridhia, katibu amkumbushe. Siri ya mgonjwa isitajwe mkutanoni.

Uvimbe usiopungua kwa majuma mawili, na uvimbe wowote wa titi, upelekwe zahanati au hospitali bila kungoja mavuno.

Maswali ya majadiliano
(a) Kwa nini jibu lisilotosha lisichukuliwe kuwa jibu jema?
(b) Chama kinaweza kumsaidiaje mwanachama kuipata nauli ya kufuata jibu lake?